Karai la Jumamosi

Jumamosi, 4 Oktoba 1997

Daftari hili lilikuwa la kupokelea magunia ya mahindi. Kurasa za nyuma zimebaki safi, na mimi si mtu wa kutupa karatasi, kwa hiyo nitaandika humu mambo yangu mpaka mvua zikatike. Nianze na sifa, maana nikikaa kimya hakuna atakayenisifu. Mimi ni Koplo Selestini, mtunza stoo ya silaha wa kikosi cha mgambo kinacholinda bohari la chakula cha wakimbizi hapa Kigoma, karibu na gati. Nina bunduki arobaini aina ya SAR, zile zinazotoa risasi moja kila ukivuta. Zimekula chumvi nyingi kuliko vijana wanaozibeba, lakini ukizipanga juani unaweza kujitazamia ukinyoa ndevu.

Siri yangu ni karai. Kila Jumamosi naliweka uani, namimina lita tano za mafuta ya taa, na vijana wanafungua bunduki zao na kutumbukiza vyuma vyote humo. Kisha nawagawia majivu na mchanga laini wa ziwani, ule wa Ujiji ambao mama zetu wanasugulia masufuria. Vikosi vingine vinamaliza lita ishirini kwa kazi hiyohiyo. Mwaka jana mkaguzi aliniandikia barua ya pongezi, nami nimeitia kwenye fremu na kuitundika juu ya mlango wa stoo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Karai. Mawingu mazito upande wa Kongo. Hakuna jipya.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo tulikwenda kulenga shabaha.

Kila kijana alipewa risasi tano. Bonfils alikuwa amelala wa tatu kutoka kushoto. Risasi yake ya pili haikulia kama bunduki, ililia kama mlango wa bati uliopigwa teke. Nikaona moshi unatoka pale usipopaswa kutoka, karibu na shavu lake. Yeye hakuitupa bunduki. Aliilaza chini taratibu, mdomo ukielekea mbele, akaondoa kidole, ndipo akashika uso kwa mikono miwili, damu ikawa inapita katikati ya vidole. Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii na sijui kama mimi ningekumbuka kuilaza vizuri.

Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya bohari. Kamanda Mwinshehe aliiokota bunduki akachungulia. Ganda la risasi lilikuwa limekatika vipande viwili, nusu imebaki ndani. "Uzembe," akasema. "Ametia matope kwenye mtutu." Nyuma yangu mtu akanong'ona: "Mrundi huyo. Nani anajua ameifanyia nini."

Sikugeuka kumtazama aliyesema. Bonfils alivuka mpaka mwaka sabini na mbili akiwa tumboni mwa mama yake, Spesiosa. Kazaliwa Kasingirima, kasoma Kasingirima, na Kiha chake kinanishinda mimi niliyezaliwa Rusimbi. Haya yote nilikuwa nayajua pale nilipokuwa nimesimama, na sikuyasema.

Jumatatu, 20 Oktoba

Wametoa vipande vitano vya shaba shavuni. Jicho la kulia, daktari anasema tusubiri. Mvua ya kwanza imenyesha, ikabeba choo cha jirani.

Jumatano, 22 Oktoba

Gari lenye kipaza sauti limepita Mwanga na Ujiji: Warundi wote wanaoishi nje ya kambi bila hati wajiandae, watakusanywa na kupelekwa kambini. Kamanda amemsimamisha Bonfils kazi mpaka baraza la kikosi likae. Hati pekee aliyonayo ni kitambulisho cha mgambo. Baraza likisema ameiharibu bunduki, kitambulisho kinachukuliwa, na yeye, mama yake na mtoto wake wa miaka minne watapanda lori pamoja na wengine.

Kamanda ameandikia makao makuu aletewe fundi wa silaha athibitishe uzembe.

Jumatatu, 27 Oktoba

Fundi ameshuka kwenye treni. Ni mwanamke. Sajini Honorata, mzaliwa wa Kasulu, mfupi, umri wa kama arobaini, ana sanduku moja la mbao ambalo hakumpa mchukuzi yeyote. Nilimpokea kwa heshima zote, nikamwingiza stoo, nikawasha taa, nikasubiri asifu. Bunduki thelathini na tisa zilikuwa zinameta ukutani. Alipita mbele yake polepole, akanusa.

"Zinanuka jikoni," akasema.

Nilicheka kwa adabu. Yeye hakucheka. Atakaa wiki moja tu, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Jumanne, 28 Oktoba

Nilimwandalia meza, kiti na kitambaa. Meza ameipokea, kiti amekikataa, kitambaa amefutia mikono. Ananawa kabla ya kazi, si baada, na anavua viatu. Alichukua bunduki ya kwanza akaifungua mpaka ikabaki bolti, yaani kile chuma kinachosogea mbele kuifungia risasi ndani. Akatoa pini yake na spring zote, bolti ikabaki tupu. Kisha akafungua sanduku.

Mlikuwa na vyuma viwili vimelala kwenye pamba, kila kimoja kina umbo la risasi. Machoni pangu vilikuwa mapacha.

"Hiki," akasema, "bolti lazima ikifunge. Hiki cha pili kimezidi urefu, kama unene wa unywele au nywele mbili. Bolti isikifunge. Ikikifunga, ujue mna nafasi kubwa nyuma ya risasi. Ikilipuka, ganda linavutika, linakatika, na moto wote unamrudia aliyelala nyuma yake."

"Kama Bonfils."

"Bonfils simjui bado. Ninayemjua ni huyu," akasema akigonga bunduki.

Anasukuma bolti kwa kidole kimoja, amefumba macho. Nilidhani ni madaha. Nikaomba nijaribu, nikasukuma kwa kiganja kama mwanaume, naye akanipiga kofi mkononi, dogo, kama la mtu anayemzuia mtoto asiguse sufuria.

"Ukiilazimisha itafunga kila kitu, Bwana Stoo. Hata mtu ukimlazimisha anakujibu unachotaka. Iguse, uisikilize inapokataa."

Nikarudia kwa kidole. Kweli inakataa. Kuna mahali chuma kinagusa chuma na safari inaishia hapo, na ukiwa na haraka hulijui.

Halafu akaniuliza, bila kuinua macho: "Mnaoshaje?"

Nikajibu: "Kila mtu na kopo lake, Afande."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lilitoka tu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Amemaliza zote arobaini, pamoja na ile ya Bonfils. Kila bolti anaitikisa kwanza sikioni, kama mama anayekagua yai viza. Pini ndani yake inatakiwa icheze na kulia. Zangu nyingi zilikuwa bubu kwa grisi niliyozishindilia, na anasema pini iliyoganda inaweza kufyatua risasi kabla mtu hajagusa chochote. Mdomo wa mtutu anaupima kwa ncha ya risasi: ikizama mno, umelika. Spring anazilaza kwenye rula na fupi anaweka kando. Hasemi mengi. Anaimba pambio moja la kanisani, sauti si nzuri hata kidogo, na anaishia ubeti wa pili kila mara.

Bunduki kumi na saba zimefunga chuma cha pili, chuma ambacho hazikutakiwa kukifunga. Kumi na saba, na nimekuwa nikiwakabidhi vijana kila asubuhi kwa miaka yote hii.

Ijumaa, 31 Oktoba

Kamanda amekuja juu. Malori ya mahindi yanakwenda kambini kila siku, njia zinakatika, watu wana njaa, na fundi amefungia bunduki kumi na saba. Akamwambia asaini zitoke, marekebisho baadaye.

"Sitasaini," Honorata akasema.

"Mimi ndiye kamanda hapa."

"Ndiyo, Afande. Saini ni yangu."

Alimjibu kwa upole kabisa, amesimama peku kwenye sakafu ya saruji. Kamanda akaondoka bila kufunga mlango. Niliona haya kwamba nilikuwa namchukia mwanamke huyu tangu Jumatatu.

Jumamosi, 1 Novemba

Hakuna karai leo. Nimelificha nyuma ya magunia matupu.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua hii si mvua ya kawaida. Redio inaiita El Nino. Reli imekatika huko mbele, madaraja mawili, treni hakuna. Honorata amekwama Kigoma. Nilifurahi niliposikia, na furaha hiyo ikanishangaza mwenyewe.

Alhamisi, 6 Novemba

"Bolti si za bunduki hizi," amesema leo. "Kiwandani kila bolti inasagwa ikae na bunduki yake. Hizi zimebadilishana. Sasa niambie namba zake ziko wapi. Kila bolti ina namba ubavuni, sawa na ya bunduki yake."

Nikamwambia tulizisugua mpaka zikaisha, kwa sababu zilikuwa zinashika uchafu.

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya kreti na kujipangusa macho. "Bwana Stoo, umezifuta majina." Alipotulia alikuwa hacheki tena. Akatazama zile bolti kumi na saba zilizopangwa mezani, zinameta, hazijulikani nani ni wa nani. "Basi. Tutajaribu moja moja. Kila bolti kwa kila bunduki."

Nilipiga hesabu pembeni ya ukurasa. Kumi na saba mara kumi na saba ni mia mbili themanini na tisa.

Jumapili, 9 Novemba

Majaribio kumi na nane tangu Ijumaa. Hataki haraka, anasema chuma kikipata joto la mkono kinabadilika, kwa hiyo tunakipumzisha kwenye pamba kila mara. Mimi naandika matokeo. Nimenunua kalamu mpya.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimekwenda Kasingirima kumwona Bonfils, nimechukua sukari kilo moja. Alikuwa amelala, bandeji nusu ya uso. Mama yake, Spesiosa, alinikaribisha kwa ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, akaniwekea kipande cha kichwa, ambacho ni cha mgeni wa heshima. Mlangoni palikuwa na mafurushi mawili yamefungwa kamba.

"Hayo ni nini, mama?"

"Ni vyombo. Mwaka ule tulipokimbia sikufunga kitu, nilikuja na kanga moja. Safari hii nimefunga mapema, wasinikute natafutatafuta." Akatabasamu. "Jicho limekwenda, daktari kasema jana. Lakini umwana wanje, mtoto wangu huyu, anasema wewe ndiye uliyemfundisha kazi. Anasema Koplo Selestini hapendi uchafu."

Sikumaliza samaki. Nilisema tumbo.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimekuwa nakwepa kuliandika hili tangu mwezi uliopita. Sasa naliandika, walau karatasi ijue.

Mwezi wa nne, siku ya karai, Bonfils alikuja na kopo la maziwa ya unga, tupu, safi. Akasema, "Shikamoo, Koplo. Naomba vyuma vyangu nivioshe peke yangu humu, visichanganyike." Nilimcheka mbele ya wote. Nikamwuliza kama huko kwao kila mtu anaoga na ziwa lake. Vijana walicheka sana, nami nilijisikia mchangamfu. Nikachukua vyuma vyake kwa mkono wangu nikavimwaga kwenye karai.

Jumatano, 19 Novemba

Jaribio la themanini na nne. Bunduki tatu zimepata bolti zake. Ya kwanza ilipokubali chuma kimoja na kukataa cha pili, Honorata alifumbua macho akasema, "Karibu nyumbani," kwa Kiha, kwa ile bolti. Hakujua nimesikia.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua. Paa la stoo linavuja, tumehamisha meza. Majaribio kumi.

Jumanne, 25 Novemba

Baraza limepangwa Ijumaa ya tarehe 12 Desemba. Malori ya kubeba watu yameanza kupita Ujiji.

Nimemwuliza Honorata ripoti yake itasema nini. "Itasema bolti ya bunduki ya Bonfils ni ya bunduki nyingine. Chuma kinasema hivyo. Nani aliibadilisha, chuma hakisemi, na mimi siandiki nisichokipima." Nikamwambia kamanda atasema Bonfils mwenyewe ndiye alibadilisha. "Anaweza kusema," akajibu. "Labda yupo aliyeona." Akarudi kwenye pambio lake.

Mimi pale pale ningeweza kufungua mdomo. Niliuliza kama anataka chai.

Jumatatu, 1 Desemba

Leo nimeona kazi ambayo nitaisimulia mpaka nizeeke. Jaribio la mia moja tisini lilitupa bolti inayokubaliana na bunduki ya Bonfils, na bolti hiyo ilikuwa ndani ya bunduki ya kijana mwingine, Dismasi. Honorata hakutosheka. Akaniambia niwashe koroboi. Akaipitisha bolti juu ya ule moshi mpaka ubavu ukawa mweusi tititi, akaiacha ipoe, kisha akaipangusa kwa kidole gumba mara moja tu, kwa wepesi, kama anayepangusa machozi ya mtoto. Masizi yakabaki kwenye mikwaruzo myembamba kabisa ambayo majivu yangu hayakuifikia. Arobaini na saba. Namba ya bunduki ya Bonfils inaishia arobaini na saba.

Akafanya vivyo hivyo na ile bolti iliyomwumiza. Kumi na mbili, namba ya bunduki ya Dismasi.

Nilitaka kumpigia saluti. Badala yake nilifagia masizi mezani.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Tumefanya kazi. Majaribio yamekwisha, yote mia mbili themanini na tisa. Bunduki kumi na moja zimerudiana na bolti zake. Sita hazina tumaini, mchanga umezila, na Honorata amezifunga utepe mwekundu. Alikuwa anazifunga kwa uangalifu uleule, kana kwamba zinakwenda vitani kesho.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Ningekuwa najiumbua peke yangu ningestahimili.

Ijumaa, 12 Desemba

Nitajaribu kuliandika kwa mpangilio.

Baraza lilikaa ndani ya bohari, kwenye nafasi katikati ya magunia, kwa sababu ya mvua. Kamanda Mwinshehe mezani, pembeni yake Afisa kutoka wilayani, sisi tumesimama kwa safu. Bonfils alikaa kwenye benchi peke yake, kitambaa cheupe jichoni, shati limepigwa pasi. Mama yake alisimama mlangoni, chini ya michirizi ya paa.

Honorata alisoma ripoti yake dakika kumi. Hakupandisha sauti popote. Alionyesha bolti mbili na namba zake za masizi, akaonyesha vile vyuma viwili, akampa Afisa asukume mwenyewe kwa kidole. Afisa alisukuma, akanyanyua nyusi, akasukuma tena. Hakukuwa na matope kwenye mtutu, Honorata akasema, ganda lenyewe linaonyesha lilivutika kabla ya kukatika.

Kamanda si mtu mbaya, na nataka hili lisomeke. Ana malori, ana njaa ya watu elfu nyingi, na kwa usiku mzima analala saa nne tu. Lakini alisema nililotabiri. "Basi bolti ilibadilishwa. Bunduki namba arobaini na saba alikuwa nayo nani? Huyu. Aliyeweza kubadilisha ni huyu. Dismasi, wewe ulibadilishana naye?"

Dismasi akasema hajui lolote. Alitazama chini. Safu nzima ilitazama chini. Wote walikuwa wameosha kwenye karai langu kila Jumamosi, na wote walikuwa wananiogopa, au waliona afadhali mzigo umwangukie Mrundi. Nilitazama vichwa vile vilivyoinama na nikajua nimevifundisha mwenyewe.

Kamanda akavuta karatasi. "Bonfils, kitambulisho."

Bonfils akaingiza mkono mfukoni. Hakubisha. Akamtazama mama yake mara moja tu kwa lile jicho lililobaki, na Spesiosa akaanza kukaza kanga kiunoni, vile wanawake wanavyofanya kabla ya kuinua mzigo. Ni hapo. Sikuamua kuwa jasiri, sitadanganya kwenye daftari langu. Sikuweza tu kumwona anaikaza ile kanga.

Nikatoka kwenye safu. "Afande, ni mimi."

"Wewe nini?"

Nikaenda nyuma ya magunia matupu, nikaliburuta karai mpaka katikati. Lilikwaruza saruji kwa kelele mbaya. Nikasema yote. Lita tano. Majivu, mchanga wa Ujiji, vyuma vya watu arobaini kwenye beseni moja na kila mtu anaokota bolti inayomkaribia. Nikasema kuhusu kopo la maziwa na jinsi nilivyomcheka mwenye kopo. Nikasema huyu ndiye mtu pekee katika kikosi aliyejua bunduki ina kilicho chake, na mimi nilimnyang'anya vyuma mkononi. Nikasema pia kwamba nilimdanganya Sajini. Sauti yangu ilikuwa inapanda na kushuka, sikuipenda, lakini haikukatika.

Dismasi akasema kutoka kwenye safu, "Ni kweli, Afande. Tulikuwa tunaosha humo." Na mwingine. Na mwingine.

Kamanda akamwambia Bonfils arudishe kitambulisho mfukoni. Spesiosa hakupiga vigelegele. Aliketi pale pale mlangoni, kwenye maji.

Mimi nimevuliwa ukoplo na stoo. Nitakuwa mlinzi wa lango. Ni haki, na ningekuwa mimi mezani ningetoa zaidi.

Jumamosi, 13 Desemba

Nilidhani Honorata atanipongeza. Ndivyo nilivyo, hata nikiwa nimeanguka nanyoosha shingo kutafuta sifa. Nilimkuta anapaka mafuta vile vyuma viwili.

"Siku arobaini na tano," akasema bila kunitazama. "Nimejaribu mara mia mbili themanini na tisa, wewe ukiwa pembeni yangu unaandika, na unajua. Ungeniambia siku ya kwanza, yule kijana angelala usingizi siku arobaini na tano. Mama yake angelala."

Nikasema, "Samahani, Afande."

"Mimi hujaniumiza kitu, kazi ni kazi yangu. Peleka samahani kunakohusika."

Nikaenda Kasingirima kwa miguu, mvua yote juu yangu. Spesiosa alikuwa anafungua mafurushi. Bonfils alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia, Koplo." Hakusema amesamehe na sikumwuliza. Jicho ni jicho.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Zamu langoni. Honorata alipita akitoka kanisani, akaniachia ndizi mbili za kuchoma kwenye gazeti. Niliona kwamba ni za moto.

Ijumaa, 9 Januari 1998

Hakuna mtu wa stoo. Kamanda amemwomba Honorata ateue. Amesema, "Yule mwenye kopo." Kamanda akasema ana jicho moja. "Mimi hapa napimia macho yakiwa yamefungwa," akajibu. "Na jicho moja linamzidi aliyekuwa nayo mawili." Hilo la mwisho alilisema huku mimi nimesimama langoni nasikia, na nina hakika alijua.

Jumatatu hadi Alhamisi, 12–15 Januari

Anamfundisha. Napita dirishani makusudi kuchungulia. Bonfils amevua viatu.

Jumamosi, 17 Januari

Reli imeunganishwa. Honorata ameondoka na treni ya kwanza. Vyuma viwili ameviacha na Bonfils, kwa maandishi, na amemwambia kamanda kwamba yeye atapewa vingine huko aendako. Nilimbebea sanduku mpaka kwenye behewa. Alinipa nilibebe, sanduku tupu lakini lile lile ambalo hakumpa mchukuzi. Nilimwambia sijawahi kuona mtu anafanya kazi vile. Akasema, "Sasa umeona," akapanda.

Jumatatu, 19 Januari

Zamu ya kwanza ya Bonfils stoo. Tulipanga foleni dirishani asubuhi, na foleni ilikwenda pole, kwa sababu anapima bunduki moja moja mbele ya mwenye kuichukua. Vijana waliguna. Mimi nilifika wa kumi na nne.

"Shikamoo, Koplo," akasema, kwa mazoea.

"Marahaba. Mimi si koplo tena."

"Basi, mzee wangu."

Akachukua bunduki niliyopangiwa, moja ya zile kumi na moja zilizorudiana, ile iliyopita kipimo kwa shida. Akaitoa bolti, akaitikisa sikioni. Akaweka chuma cha kwanza, ikafunga. Akaweka cha pili, akafumba lile jicho lake, akasukuma kwa kidole. Nilikuwa karibu, nikakiona kidole kinavyokwenda. Kilikwenda mbali kidogo kuliko inavyotakiwa. Akatoa, akakipumzisha chuma kwenye pamba, akarudia. Akarudia mara ya tatu, na nyuma yangu watu wameanza kupiga kelele tuchelewe kwa ajili ya nini.

Akaifunga utepe mwekundu akaiweka pembeni.

"Hii haitoki, mzee."

Mtu mmoja nyuma akasema anajilipizia kisasi. Wengine wakacheka. Bonfils alikuwa ameshanipa rungu na anamwita anayefuata. Nikachukua rungu langu nikaenda langoni. Malori yalipita siku nzima kwenye matope, na dereva mmoja akanishushia kioo akauliza kama serikali imeuza bunduki yangu. Nikamwambia apite, njia ni mbaya.

Haikuwa kisasi. Nilikiona kidole chake. Ningekuwa mimi pale dirishani, foleni inapiga kelele na kamanda ana haraka, ningeitoa, tena ikiwa inameta.